Sikio la Nta

Kalibu ya Mtakatifu Yusufu ilinifikia Kibera mwezi wa Ramadhani, nusu mbili za plasta zilizofungwa kwa kamba ya katani na kuviringishiwa magazeti ya Kihispania. Aliyeileta ni sista mmoja kijana wa hapa Nairobi, ambaye hakujua amebeba nini ila alijua ni kizito. Mjukuu wangu alipofungua na kuona uso wenye ndevu umechimbwa ndani ya plasta, pua ikiingia ndani badala ya kutoka nje, aliniuliza kama bibi ameanza kuabudu sanamu uzeeni, tena akiwa na swaumu. Nikamwambia aende akakoroge uji wa futari. Alipotoka nilisoma barua. Sista Kuka alikuwa amefariki kwao Meksiko, akikaribia miaka mia, na chini ya mto wake wameikuta karatasi yenye majina mawili, langu na la Nalongo wa Ggaba, na chini yake neno moja tu la Kiswahili: waonane. Nilikaa pale kitandani nikalia, na si kwa ajili ya Sista peke yake. Nililia kwa sababu neno lile lilikuwa amri, na mimi ni mtu niliyekwepa amri hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka wenyewe ni ule ambao sukari ilipotea Kampala, chumvi ikafuata, kisha sabuni, mpaka watu wakawa wanafua kwa majani ya mpapai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za wazazi wangu haziingii hapa. Inatosha kusema kwamba nilitolewa Bombo nikapelekwa Old Kampala kwa ami yangu, nimpikie na nimshikie funguo, kwa kuwa mkewe alikuwa amerudi kwao na hakusema atarudi lini. Nyumba ilikuwa ya Wahindi waliofukuzwa. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya penseli iliyopimia urefu wa watoto, na kando ya kila mstari maandishi yao ambayo sikuweza kuyasoma. Mtoto mmoja alifika kwenye kiwiko changu akaishia hapo. Kabati zilinuka bizari mpaka mwaka unaisha. Friji lao kubwa lilikuwa limekufa, tukaligeuza la kuwekea viatu, na maji ya kunywa niliyatia kwenye mtungi uani, chini ya kivuli cha ukuta, kama tulivyofanya kwetu. Chumba changu kilitazamana na gereji. Nililala humo nikiwa na vyumba vitano vitupu nyuma yangu, na sauti niliyoisikia zaidi ilikuwa ya saa ya ukutani ambayo Wahindi hawakuweza kuibeba.

Ami alikuwa askari, lakini si wa kuvaa sare. Alivaa shati la maua na miwani ya jua, na gari lake halikuwa na namba ile ile wiki mbili mfululizo. Nilijua kazi yake na sikuijua. Vyote viwili vinawezekana kwa mtu mmoja, hasa ukiwa unakula chungu kimoja na mwenyewe. Walioijua vizuri ni majirani. Nilipofika bombani na ndoo yangu, mazungumzo yalizimika. Nikisema "habari zenu" kwa Kiswahili, ndiyo nimeharibu kabisa, maana Kiswahili pale kilikuwa lugha ya mtu anayekuamrisha utoke kwenye gari. Kiganda changu kilikuwa kibovu, nikijaribu wanajibu kwa adabu nyingi mno, wananipisha nichote kwanza, mimi msichana mdogo, mbele ya mama watu wazima wenye watoto mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwao. Ningetoa chochote mtu anitukane siku moja kwa kupita foleni.

Kilichonipeleka kwa Sista Kuka ni pua. Mtaa mzima haukuwa na kijiko cha sukari, na mimi nasikia harufu ya asali. Niliifuata nikapita nyumba mbili kupanda mlima, mpaka kwenye ua wenye lango lililoanguka bawaba moja. Ndani nilimwona mwanamke mfupi, mnene, kitambaa cha kisista kimemponyoka kichwani, amepiga magoti kati ya mashuka yaliyotandazwa juani. Juu ya mashuka kulikuwa na tepe nyembamba za nta, mamia kwa mamia, na yeye anazigeuza moja moja na kuzinyunyizia maji kwa ufagio. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba kama nimekuja kununua mishumaa hakuna, na kama nimekuja kupekua nyumba nivue viatu kwanza. Nikasema nimefuata harufu tu. Akanitazama sasa. Nilingoja uso wake ufunge kama milango mingine yote ya mtaa ule.

"Kiswahili chako ni kibaya kuliko changu," alisema. "Ingia."

Chake alikuwa amefundishwa Tabora, miaka kumi kabla ya kuletwa Kampala, na alikisema kwa utaratibu wa mtu anayepanga vyombo kabatini. Masista wenzake wawili walikuwa wamekwisha ondoka nchini, mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa barua ya serikali. Amebaki yeye na nyumba ya vyumba sita na bembea ya Kihindi iliyoning'inia barazani bila mtu wa kuikalia. Siku mbili za kwanza alinipa chai ya mchaichai na asali, nikae. Siku ya tatu nilipofika alinikabidhi ufagio wa kunyunyizia, akasema amejifunza Tabora kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilicheka mpaka nikashtuka kusikia sauti yangu, kwa kuwa nilikuwa sijacheka tangu nitoke Bombo.

Baba yake, alinieleza, alikuwa fundi wa nta katika mji mdogo wa kwao, na baba wa baba yake vile vile. Walitengeneza mishumaa mirefu kama mtoto wa miaka saba, imevikwa maua ya nta kutoka chini hadi juu, petali juu ya petali, hata utambi huuoni. Walitengeneza pia sanamu: watakatifu, malaika, Mtoto Yesu mwenye kope za nywele za kweli. Nta ya njano hutoka kwa muuza asali. Wao huiyeyusha, huikata tepe, huianika wiki nyingi, jua na maji, jua na maji, hadi iwe nyeupe. Petali hutolewa kwa kalibu za mti zenye umbo la ua. Unaichovya kalibu kwenye maji kwanza, kisha kwenye nta ya moto, kisha tena kwenye maji, na ngozi nyembamba ya nta inavuka yenyewe kama ganda la kitunguu. Mimi, kwa haraka zangu, nilichovya kalibu ikiwa kavu. Nta iliganda kwenye mti, ikaingia kwenye kila mchirizi. Nilichukua kisu. Sista alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitazamia, akasema kalibu ile ilichongwa na babu yake na chuma hakijaigusa tangu siku hiyo. "Nta kwa ukucha," alisema, "si kwa chuma." Nilikaa siku mbili barazani nikikwangua kwa ukucha, na kwa kweli niliifurahia adhabu ile, kwa sababu mtu akikuadhibu maana yake anategemea kesho utakuja tena.

Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, na macho yake hayakuona vizuri kitu cha karibu. Kabla ya miezi miwili kupita kazi ya vidole ilikuwa yangu yote, yeye akikaa kwenye kiti na kuniambia. Rangi nyekundu tulipata kwenye vijiti vya rangi ya mdomo vilivyosahauliwa na Wahindi kwenye droo ya bafuni, na ya kahawia kwenye dawa ya viatu. Mchana alichemsha mahindi kwa majivu, akayasaga kwa jiwe, akakanda mikate ya duara juu ya bati la moto. Mimi nilileta gurusa yetu ya Kinubi niliyoipika asubuhi kwa ami. Tulikaa jikoni tukila mkate wa kwao na mkate wa kwetu, kila mmoja akisema wake ni mzuri zaidi, na pilipili ikitutoa machozi. Nyumbani sikusema ninatengeneza sanamu za Kikristo. Nilisema najifunza kushona.

Katikati ya miezi hiyo kuna mchana mmoja wa Jumamosi. Nilikuwa jikoni kwa ami, gurusa ikiwa kwenye kikaango, nikasikia mtu anaita uani kwa sauti ndogo. Alikuwa amekaa kwenye kreti tupu la bia karibu na gereji, mwanamume wa makamo, shati jeupe limechanika bega, mikono yake ikiwa nyuma. Ami alikuwa ndani kwenye simu, na vijana wake wawili wako kwenye gari, mlango wazi, wanasikiliza redio. Aliniomba maji kwa Kiganda, kisha, akidhani sikuelewa, kwa Kiswahili. Nilichota mtungini kwa kikombe cha bati. Nilipomnyooshea hakupokea, ndipo nikafahamu mikono imefungwa, nikasogea karibu na kumnywesha kama mtoto, mkono wangu mmoja nyuma ya kichwa chake. Alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Maji yalimwagika kidevuni. "Webale nnyo, mwana wange," alisema, asante sana mwanangu. Kisha nikasikia harufu ya kuungua, nikakimbilia gurusa yangu. Niliporudi kreti lilikuwa tupu na gari limeondoka. Nililirudisha kreti mahali pake. Nikala. Nayasema haya kwa sababu watu hupenda kusimulia kwamba siku kama zile chakula hakikupita kooni. Changu kilipita.

Sista alikuwa na desturi moja ya kwao ambayo padri wa kanisa lililokuwa chini ya kilima aliiona ya kishamba, lakini hakuikataza. Kwao mwenye haja huitengeneza haja yake kwa nta. Mguu ukiuma, mguu wa nta. Ng'ombe akipotea, ng'ombe wa nta. Hupelekwa kanisani, hutundikwa karibu na mtakatifu, hukaa hapo hadi haja itimie. Mama mmoja alichukua mguu, akapona au akasema amepona, na habari zikaenea kimya kimya kama zilivyokuwa zikienea habari zote mwaka ule. Ndipo akaja Nalongo, jina wanalomwita mama wa mapacha. Alikuwa muuza samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Ggaba, mrefu, amejifunga gomesi, gauni refu la Kiganda, iliyofifia rangi. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Nilisema karibu mama, na yeye akarudi nyuma hatua moja, akatazama njia aliyojia. Sista alimwita kutoka ndani, akamkalisha jikoni, na Nalongo hakusema neno ila habari za samaki mpaka Sista aliponiomba nikatazame nta uani.

Sikwenda uani. Nilisimama kwenye ujia, nyuma ya pazia la shanga, na nadhani Sista alijua, maana alianza kuuliza maswali kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi. Mume wa Nalongo alikuwa karani wa bandari ya Port Bell, pale mabehewa yanapopanda meli. Alikwenda kazini asubuhi moja na hakurudi. Ofisini walisema ametorokea Kenya. Wazee wa ukoo walitaka kuzika shina la mgomba badala yake, jambo likwishe, lakini Nalongo alikataa, kwa sababu ukizika umesema amekufa, na yeye hakuwa tayari kusema hivyo. Alichouliza ni kama ile desturi ya mguu na ng'ombe inafaa kwa mtu. Sista akamwuliza mumewe alikuwa na sura gani. Nikasikia mwanamke yule, kwa Kiswahili cha kuokoteza cha watu wa bandari, akianza kumjenga mumewe kwa maneno: paji la uso pana, pua ya kukaa, masharubu aliyoyapunguza kila Jumapili, shavu moja linaloingia akicheka. Mara mbili alicheka mwenyewe. Sijawahi kusikia mtu akimpenda mtu hivyo, na kusikia kwenyewe nilikuwa naiba.

Kichwa tulikitoa kwenye kalibu ya Yusufu, kikubwa kama chungwa. Kila mwanamume tuliyemtengeneza alianza akiwa Yusufu. Tulimwaga nta ndani, tukaizungusha, tukamwaga iliyozidi, tukafungua nusu mbili akatoka mtakatifu mtupu ndani. Kisha kazi yangu: kukwangua ndevu, kupanua paji, kukalisha pua kwa kijiti cha moto. Masikio kwenye kalibu hayakuwepo, maana Yusufu amefunikwa nywele. Hayo huundwa peke yake kwa vidole na kupachikwa mwisho. Niliyafanya alasiri moja ya mvua, Sista akisali rozari kwenye kiti chake. Nilikuwa naimba, nakumbuka. La kulia lilikuwa jepesi. La kushoto lilinichukua muda, vidole vikibana hapa na pale vyenyewe, hadi nikaona liko sawa. Sikuwaza mtu yeyote. Nimejiuliza swali hili kwa miaka mingi na jibu ni lile lile: sikuwaza mtu. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa nyuma ya kichwa kile siku ya maji, na vidole ndivyo vilivyokumbuka.

Nalongo alikuja Alhamisi na kikapu chake cha samaki. Sista alitaka niwepo. Alisema mwenye kazi asijifiche. Kichwa kilikuwa mezani chini ya kitambaa. Nalongo alikifunua, akasimama nacho kiganjani karibu na dirisha. Kwa muda alikuwa anatabasamu. Aligusa shavu, akagusa masharubu. Kisha akakigeuza, na kidole chake kikasimama kwenye sikio la kushoto, kwenye ukingo wa juu, penye pengo dogo kama lililomegwa na panya.

"Hii sikio," alisema. "Mimi hapana sema kwa Sista hii sikio."

Hapo ndipo nilipomwona yule mtu, kwa mara ya pili, na nikajua ni nani. Alipokuwa akinywa, sikio lile lilikuwa mbele ya macho yangu, karibu kuliko uso wake. Pengo la zamani, kovu laini, la utotoni. Mke hakulitaja kwa sababu alikuwa amelizoea hata halioni. Sista alichukua kichwa, akakisogeza hadi kwenye miwani yake, akakirudisha polepole mezani. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi.

"Nta ilivunjika, mama," nikasema. "Ntatengeneza."

Nikakichukua. Nilipasha dole gumba juu ya kioo cha taa, nikachukua chembe ya nta, nikaijaza kwenye pengo na kuilainisha, mbele yake, hadi sikio likawa zima kama la mtu yeyote. Sista alikuwa amenifundisha vizuri. Nalongo alitazama dole langu muda wote ule. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kwa upole, kama watu wanavyoulizana sokoni.

"Wewe unakaa wapi?"

"Kwa ami yangu. Hapo chini, nyumba ya geti ya blu."

Kila mtu wa Old Kampala aliijua nyumba ya geti la bluu. Nalongo aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alimfunga mumewe kwenye kitambaa chake cha kichwa, akamlaza chini kabisa ya kikapu na kumfunika samaki. "Sista, hii sitaleta kwa kanisa," alisema. Akashukuru, akatoka.

Kwa miaka mingi nimejisimulia kwamba nilifanya vile kumlinda Sista, maana neno moja la kweli jikoni mle lingeweza kutuua sote watatu. Maelezo mazuri, na kuna ukweli ndani yake. Lakini sikuwa nimemfikiria Sista wala ami. Niliogopa kuonekana. Nilikuwa nimepata mahali pamoja duniani ambapo sikuwa mtoto wa nyumba ya geti la bluu, na nililinda mahali hapo kwa dole gumba.

Sikufaulu kupalinda. Nalongo alipokwisha toka tulikaa, mikate imepoa kwenye bati, Sista akanishika mkono na kuugeuza kiganja juu, kama anayetafuta mwiba. "Umemwona huyu mtu," alisema. Nikasema ndiyo. "Wapi?" Nikasema nyumbani, nikaeleza ya maji, ya kreti, yote. Alisikiliza hadi mwisho, na mwisho akaniambia nisije kesho, wala kesho kutwa. Alisema si kwa chuki. Alisema wanaokuja pale ni watu wenye hofu, na sasa Nalongo anajua, na wengine watajua, hawatakuja tena wakinikuta mlangoni. Alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilivua aproni, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya kiti.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule siwezi kuieleza kwa urefu, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilipika, nikafagia vyumba vitano, nikasimama bombani nikapishwa. Alasiri nilisimama dirishani upepo ukileta harufu ya nta. Mara mbili nilimwona Sista barabarani, mara mbili akasimama, na mara zote mbili nikavuka upande wa pili, mimi mwenyewe, kwa kiburi cha mtu aliyefukuzwa. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote yanayonihusu mimi peke yangu. Kisha siku moja harufu haikuja. Nilipanda mlima nikakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Jirani, kwa adabu ile ile, alinieleza kwamba Sista alipewa siku tatu kuondoka nchini na ameshakwenda. Nilichungulia penye bawaba. Mashuka yalikuwa bado yametandazwa, na tepe zote za nta, bila mtu wa kuzigeuza wala kuzinyunyizia, zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na kuwa kitu kimoja cha njano, na nyuki wametua juu yake. Nilisimama pale hadi miguu ikauma. Mwaka haukuisha vizuri kwa mtu yeyote, na miaka michache baadaye, serikali ile ilipoanguka, sisi wenye Kiswahili na Kinubi tulikimbia tulivyoweza. Mimi nilifika Kibera na nguo nilizovaa. Kwa kuwa sikujua kazi nyingine, niliishi kwa kupamba keki za harusi. Maua ya sukari. Watu husifu petali zangu.

Baada ya Idi nilipanda basi kwenda Kampala. Nilishuka Ggaba nikauliza kwa wauza samaki kama kuna anayemjua Nalongo ambaye mumewe alikuwa karani Port Bell. Walinyamaza kidogo, kimya kile ninachokijua, ila safari hii kilikuwa cha huzuni tu. Nalongo alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Wakanipeleka kwa bintiye, Nakato, mmoja wa wale mapacha. Nilimkuta nyuma ya kibanda chake akiparua sangara, mwanamke mtu mzima, mrefu kama mamaye. Nilisema jina langu na jina la Sista, nikaiweka kalibu ya Yusufu juu ya meza ya samaki, kwa sababu sikujua kuianza habari kwa njia nyingine. Alikifuta kisu, akaufuata ule uso kwa kidole, kwa ndani.

"Ni wewe, yule msichana," alisema.

Alinieleza, akiendelea na samaki wake. Kichwa kilifika nyumbani kikinuka moshi wa samaki na asali. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikuwa amechoma kikapu kwa kisu cha bunduki, kikapita kando. Mama yao alikiweka mezani, akakaa nacho hadi jioni. Mapacha walikuwa na miaka minane, wakawa wanamwuliza baba atarudi lini, maana waliambiwa nta ile inaleta watu. Kwa ukucha wa dole gumba mama akalichimba upya pengo la sikio la kushoto, taratibu, akipuliza chembe. Walilia kwamba anamharibu baba. "Akatuambia hapana," Nakato alisema. "Akasema, sasa ndiye yeye." Asubuhi alimwita mzee mmoja tu wa ukoo, wakakifunga kwenye nguo ya gome la mti, wakakizika migombani. Tangu siku hiyo hakumngojea tena. Kabla ya hapo, mchana alikuwa hakai bila kutazama njia. Baada ya hapo akakaa.

Niliuliza kama aliwahi kunilaani. Nakato alifikiri kwa haki, hakutaka kunipa jibu la adabu. Alisema mama alikuwa akisema kuna msichana anayejua siku ya mwisho ya mumewe, na kwamba kila mwaka, siku ya maziko, alikuwa akijiuliza msichana huyo yuko wapi.

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, cha Kampala, ambacho sikuwa nimekisema kwa miaka mingi. Shati jeupe lililochanika bega. Kreti la bia. Redio kwenye gari. Mikono nyuma, ndiyo maana nilimshika kichwa. Vikombe viwili, na maneno yake baada ya cha pili, nikayasema kwa Kiganda kama alivyoyasema, nikamwambia pia juu ya gurusa iliyoungua na kwamba nilikula. Aliacha kuparua. Magamba yalikuwa yamemshika mikononi hadi viwikoni, na alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu mwenye maswali mengi anayejua atapata jibu la moja.

"Hayo maji," aliuliza, "yalikuwa baridi?"

"Ya mtungi," nikasema. "Yalikuwa baridi sana."